Rasiberi za Upande wa Pili wa Uzio

Jumatatu, 9 Septemba

Nimebandikwa! Wala si kwa sifa. Kwenye kile kisanduku cha kioo pale lango la bustani yetu ya pamoja, yenye viwanja vya wanachama, kati ya tangazo la kukatwa maji na picha ya paka aliyepotea, kuna barua yenye jina langu kamili. Walenty Pyrek, kiwanja namba 31. Kamati inasema kiwanja kimetelekezwa. Ukaguzi ni Jumamosi tarehe 28. Siku hiyo yasipoonekana mazao, kiwanja kinachukuliwa na kupewa mtu mwingine. Foleni ya wanaosubiri ina watu arobaini.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nikagundua watu wawili wamesimama nyuma yangu, nao wanasoma. Mmoja akanipa pole. Nikamwambia huyo ni Walenty mwingine.

Kutelekezwa! Mimi niliyeendesha basi la umeme hapa mjini Lublin miaka thelathini na mmoja bila kugonga hata njiwa! Kiwanja kiko sawa. Kina kibanda, kina benchi, kina mti wa tofaa unaofikiria kuzaa. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, nacho ni rasiberi.

Naandika ukweli hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Kiwanja kilikuwa cha baba mkwe wangu, marehemu Mzee Hipolit. Ile safu ya rasiberi aliipanda kwa mkono wake, za aina inayozaa msimu wa vuli, kuanzia Agosti hadi baridi ya kwanza. Mke wangu Mirka amekulia kati ya miba ile. Machi akafanyiwa upasuaji wa goti, asiweze kutoka ghorofa ya nne. Akanishika mkono pale hospitali, akanipa maagizo. Nikate fito zote hadi chini, zote, nisiache hata moja, kwa sababu hizi huzaa kwenye machipukizi ya mwaka huohuo. Nikaapa.

Kisha nikaenda kiwanjani, nikafikiri. Matatizo yangu yote huanzia hapo. Nikajiuliza, mtu mwenye akili anakataje fito nzima yenye afya? Nikaziacha. Mei yakatoka machipukizi chini, mengi, yana kiherehere. Nikaona wazi yananyonya chakula cha fito zangu. Nikayang'oa yote. Nikapiga na picha. Nilikuwa na furaha sana siku ile.

Julai fito zikatoa bakuli moja na nusu, zikafa. Sasa bustani nzima inachuma na kuimba, mimi nina vijiti vikavu vilivyosimama kwa foleni.

Mirka hajui. Kila wiki napita sokoni nyuma ya kanisa, nanunua rasiberi, nazihamishia kwenye kikapu chake, naweka majani mawili juu ili ionekane zimetoka kiwanjani. Anazipika sharubati ya kutia kwenye chai wakati wa mafua. Chupa tisa tayari ziko kabatini. Anasema mwaka huu nimejitahidi. Nami nasema kawaida tu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeamka na hoja. Hoja ya kisheria!

Iko hivi. Mizizi ya rasiberi haijui uzio. Miaka iliyopita mizizi ya baba mkwe ilipita chini ya waya, ikatokea kiwanja namba 32, kwa Bibi Leokadia. Huko sasa kuna safu ya hatua nane kando ya uzio, fito zimeinama kwa uzito, nyekundu tupu. Huku kwangu jangwa. Mizizi ni ya nani? Yetu. Basi matunda ni ya nani?

Nilivaa shati la kola, nikaenda kwenye uzio. Bibi Leokadia ana miaka sabini na mmoja, amefundisha hesabu miaka thelathini na minane, na ni katibu wa kamati. Hapigi kelele. Anakutazama tu, unajihisi umesimama ubaoni bila suruali.

Nikamweleza hoja yangu kuanzia mzizi hadi tunda. Alisikiliza yote, mkasi wa bustani mkononi. Kisha akasema vizuri sana, jirani, amenielewa. Basi na konokono wote waliopita njia hiyohiyo ni wangu, atanikusanyia kwenye ndoo. Halafu akauliza ni nani amekuwa akizikata zile fito kila Machi kwa miaka kumi na mmoja. Nikasema hilo ni suala lingine. Akasema ndiyo, tena ni suala lenye jibu.

Nimerudi kibandani. Nimekunywa chai. Nadhani kwa hoja nilimshinda, ila yeye hakujua.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimempelekea Mirka kikapu. Akachukua tunda moja, akaligeuza, akalitazama kwa ndani, akalitia mdomoni. Akasema safi. Akasema safi sana. Sikupenda ile "sana".

Siku hizi yuko na simu kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Nikiingia anasema haya mpenzi, tutaongea, anakata. Anasema ni dada yake. Vizuri, apate wa kuzungumza naye. Mimi nina mambo mazito.

Jumapili, 15 Septemba

Mungu anisamehe. Na anisamehe leo, maana nimefanya wakati wa misa.

Leokadia haikosi misa ya saa tatu hata mvua ya mawe inyeshe. Nikamwambia Mirka nami naenda kanisani. Nikavaa suti. Nikapita kanisa, nikalisalimu kwa kofia, nikaenda zangu bustanini. Saa tatu na dakika tano nilikuwa nimeruka uzio na sepeto. Kuruka ni neno kubwa. Niliupanda, nikakaa juu yake kwa muda, kisha nikashuka, kipande cha suruali kikabaki juu.

Nimechukua fito kumi na mbili tu. Si wizi. Nimewarudisha watoto nyumbani! Nimezichimba na mizizi, na matunda yake juu, nikazihamishia kwangu penye zile kavu, nikazimwagilia ndoo sita. Zikasimama kama askari. Machozi yalinitoka. Nilimwona baba mkwe akinipigia makofi, yeye ambaye enzi za uhai wake alinipigia makofi mara moja tu, akiua mbu mgongoni kwangu.

Nyumbani Mirka akauliza padri kahubiri nini. Nikasema kuhusu upendo kwa majirani. Akasema ajabu, yeye ameisikiliza misa hiyohiyo redioni na ilikuwa kuhusu ulimi unaodanganya. Nikasema nilikaa nyuma, sikusikia vizuri. Kisha akaniuliza suruali imefanyaje. Nikasema benchi la kanisa lina msumari.

Jumatano, 18 Septemba

Zimekufa. Zote kumi na mbili. Majani yamejikunja, matunda yamenywea yakawa kama zabibu kavu. Kumbe rasiberi iliyobeba matunda haipendi kuhamishwa. Mtu angeniambia!

Bibi Leokadia akaniita kwenye uzio. Akasema ana swali la hesabu, nimsaidie. Safu ina fito themanini na nne Jumamosi jioni. Jumapili mchana zimebaki sabini na mbili. Hakuna upepo, hakuna mbuzi. Je, nini kimetokea?

Nikasema huenda ni fuko. Mwaka huu mafuko ni wengi sana, wanachimba ovyo.

Akasema fuko mwenye sepeto.

Nikasema wamekuwa wajanja siku hizi.

Hakutukana, hakutaja kamati, hakutaja polisi. Akauliza tu kama kuna jambo lolote ningependa kusema. Nikasema hali ya hewa ni nzuri. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Baadaye nilipotoka kibandani nikakuta ndoo mlangoni, imejaa konokono, na karatasi juu yake yenye maandishi mazuri ya ubaoni: Wako.

Jumamosi, 21 Septemba

Balaa limeingia nyumbani.

Mirka ametembea leo kutoka chumbani hadi jikoni bila kushika ukuta. Daktari karuhusu ngazi. Nami nikamshangilia kwa moyo wote, nikampigia makofi, nikamkumbatia, hadi aliposema kwamba Jumamosi ijayo anakuja bustanini. Siku ya ukaguzi! Baada ya ukaguzi tutachoma soseji pamoja na wengine kama kila mwaka. Akasema miezi sita ndani ya nyumba ametamani kitu kimoja tu, kukaa kwenye lile benchi na kuitazama safu ya baba yake.

Nikamwambia kuna matope. Akasema ana mabuti. Nikamwambia kuna nyigu. Akasema nyigu wanamjua.

Sikulala mchana, mimi ambaye hulala hata kinyozi akininyoa. Niseme wazi hapa, naogopa. Siiogopi kamati, kamati naweza kubishana nayo. Naogopa uso wa Mirka atakapokaa kwenye lile benchi na kutazama. Alinipa kitu kimoja nikitunze. Kimoja! Na chenyewe kilikuwa kinajiotea.

Ningeweza kumwambia leo. Alikuwa amekaa pale mezani, anakunja pierogi, zile kama sambusa za kuchemsha, taa imemwangukia vizuri. Akaniuliza Walek, una nini? Nikafungua mdomo. Nikasema nina njaa.

Jumanne, 24 Septemba

Nimepata! Wazo! Tena safari hii ni wazo zuri kweli, si kama yale mengine.

Vijiti vikavu ninavyo. Rasiberi sokoni zipo. Kinachokosekana ni kuviunganisha tu! Mtu anafunga tunda mojamoja kwenye fito kwa uzi wa kijani, anaongeza majani kutoka kile kichaka cha karibu na choo, kazi imekwisha. Kamati hupita haraka, wana viwanja mia na ishirini na harufu ya soseji puani. Wataangalia, watatia alama, watakwenda. Mirka ataona wekundu. Ikifika jioni nitasema nimezichuma zote.

Nikanunua bakuli moja la majaribio. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nimelila miaka yote bila kulifikiria. Rasiberi ukiichuma, kiini chake cheupe kinabaki kwenye mti. Tunda linabaki na shimo ndani, kofia tupu. Huwezi kulifunga uzi, linapasuka. Nimepasua ishirini na tatu. Nikazila kwa hasira.

Jumatano, 25 Septemba

Njiti za kiberiti!

Unachomeka njiti ndani ya shimo, unaibana kwa donge dogo la unga, unafunga njiti kwenye fito. Tunda linaning'inia kama kazaliwa pale. Mirka alikuwa na donge la pierogi kwenye friji. Nimelichukua lote. Alipouliza nikasema nililila. Akauliza, likiwa bichi? Nikasema nilikuwa na njaa, si nilikwambia Jumamosi.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimefunga mia mbili na sita. Vidole vimekuwa kama vya mtu aliyegombana na paka. Nyigu wamenijia kama waalikwa wa harusi. Mmoja ameniuma sikioni, sikio limekuwa na ukubwa wa soseji.

Lakini kazi! Ukisimama hatua kumi, ni picha ya kalenda. Ukisimama hatua tano, bado unaamini kama macho yanakutoka machozi. Ukisimama hatua mbili, afadhali usisimame.

Kwa hiyo lazima wakae hatua kumi. Nikatafuta ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu: DAWA YA WADUDU IMEPULIZWA. USIKARIBIE. Nikausimika mbele ya safu. Akili kama hii kuipeleka kwenye basi la umeme miaka thelathini na mmoja, ni hasara kwa taifa.

Bibi Leokadia alikuwa upande wake anachuma. Mara mbili nilimwona anaitazama safu yangu huku bega lake linatikisika. Nadhani ana kikohozi.

Jumamosi, 28 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne tukafika, Mirka na fimbo yake, kitambaa kipya kichwani. Nikamweka kwenye benchi. Hatua kumi kamili, nilikuwa nimepima. Akaitazama safu. Akaitazama muda mrefu. Akasema Walek, zimezaa sana. Nikasema ndiyo. Akasema zimezaa hata kwenye ule mlingoti wa kamba ya nguo. Nilikuwa nimepitiliza kidogo pale mwisho, jana jioni, kwa shauku.

Kamati ikaingia. Mbele Bwana Zenon, mwenyekiti, zimamoto mstaafu mwenye tumbo la heshima na ubao wa kuandikia. Nyuma yake Bibi Leokadia na daftari lake. Zenon akatazama, akasema lo, Bwana Walenty, nasi tuliambiwa huku hakuna kitu! Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Nikaiona ile alama ikitaka kuandikwa. Nikaiona!

Kisha akasoma ubao wangu.

Akauliza dawa gani hiyo. Nikasema dawa kali. Akauliza nimepulizaje dawa kali wakati wa kuchuma, wakati kanuni za bustani zinakataza na adhabu yake ni kufukuzwa siku hiyohiyo. Nikasema aa, si kali hivyo. Nikasema kwa kweli si dawa. Nikasema ni maji. Akauliza kwa nini nimeandika ni dawa. Nikasema kuwatisha wezi. Bega la Leokadia likaanza tena.

Zenon akacheka, akasema kama ni maji basi hakuna ubaya, na rasiberi za Mzee Hipolit alizila mara ya mwisho akiwa na nywele. Akanyoosha mkono. Nikaruka mbele yake. Nikasema zina wadudu! Akasema wadudu ni nyama. Akavuta. Fito nzima ikamfuata, kavu, ikakatika kraa. Akatia mdomoni.

Kukasikika tena kraa.

Bwana Zenon akatafuna polepole. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa njiti ya kiberiti. Akaitazama pande zote mbili. Kisha, maana yule ni mtu wa haki, akachukua tunda la pili kuhakikisha. Akasema, na hii nayo inayo.

Mirka akainuka. Akaja na fimbo yake, hatua kumi zote, ile njia yote niliyoipima. Akachuma moja. Akachomoa njiti, akanyofoa kile kidonge cha unga, akakionja. Akasema hili donge ni langu.

Hakuna aliyecheka. Ningetamani wacheke. Zenon akasema Bwana Walenty, hapa hana la kufanya, karatasi ni karatasi, mazao hayapo, kiwanja kinakwenda. Mirka alikuwa ameshika ile fito iliyokatika. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, kwamba ni mimi. Kwamba niliacha za kukatwa na kung'oa za kuachwa. Kwamba wamwachie Mirka kiwanja, mimi wanifukuze, wanibandike kwenye kioo hadi Krismasi.

Ndipo Bibi Leokadia akafungua daftari.

Akasoma kama anaita majina darasani. Kwamba mwaka ule Mzee Hipolit alipoanza kuumwa, alimwita kwenye uzio. Safu yake ilikuwa tayari imevuka waya. Mzee akamwomba asiyang'oe machipukizi yale, ayatunze upande wake, kwa sababu binti yake ana mume mwenye mawazo. Imeandikwa hivyohivyo! Mume mwenye mawazo! Leokadia akakubali. Kila Machi amekata, kila kiangazi amemwagilia, na matunda ni ya kiwanja namba 31, yamewekwa hivyo kwenye kumbukumbu za kamati kwa saini ya mwenyekiti wa wakati ule. Mirka alikuwa akichuma upande ule kila mwaka, mimi nikidhani wanapiga umbea. Kwa hiyo mazao yapo. Fito themanini na nne. Akanitazama, akasahihisha. Sabini na mbili.

Zenon akachungulia uzio, akaona ule wekundu, akatia alama.

Nikasema, yaani zile zilikuwa zangu?

Leokadia akasema za Mirka.

Kumbe nimeruka uzio kwenda kuiba mali ya nyumbani kwangu, tena nikaiua! Na kumbe ile hoja yangu ya tarehe kumi ilikuwa sahihi! Karibu sahihi. Nikataka kulisema hilo, nikamwona Mirka, nikaenda kuung'oa ubao wangu.

Soseji sikula. Si kwa aibu tu, sikio lilikuwa linauma nikitafuna.

Jumapili, 29 Septemba

Asubuhi Mirka amefungua kabati la sharubati, akaniita. Akasema hebu soma. Chupa kumi na moja, kila moja na kikaratasi chake. Sikuwahi kuvisoma. Vimeandikwa kwa mkono wake: Soko, Agosti. Soko, Agosti. Soko, Septemba.

Alijua tangu kikapu cha kwanza. Anasema rasiberi za baba yake hazijawahi kutoka bila mdudu mmojammoja, na zangu hazikuwa na mdudu hata wa dawa. Tena kikapu kimoja kilikuwa bado na karatasi ya yule mama wa sokoni. Ile simu ya jioni haikuwa ya dada. Ilikuwa ya Leokadia, na kila siku walikuwa wanapeana habari zangu, mmoja anamaliza nyumbani, mwingine anaanzia kwenye uzio. Kisa changu cha uzio siku ile ya misa wamekicheka hadi Mirka akaogopa goti litaachia. Leokadia alikuwa amesahau miwani kwenye kibanda chake cha bustanini, akarudi kuichukua. Alinikuta nimekaa juu ya uzio.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Miezi yote hiyo!

Akasema alikuwa anasubiri mimi nimwambie. Akasema kila kikapu alifikiri, leo atasema. Ile Jumamosi anakunja pierogi alikuwa na uhakika kabisa. Kisha nikasema nina njaa.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angenirushia chupa. Nililia, naandika wazi, nililia pale jikoni na sikio langu la soseji. Akaniacha nilie kidogo. Kisha akaniwekea chai, akatia sharubati ya Soko, Agosti, akasema ni tamu, yule mama wa sokoni anajua kazi yake.

Nimeapa mbele yake. Uongo basi. Mawazo basi. Nimekuwa mtu mpya.

Kwenye kioo cha lango sasa kuna tangazo lingine. Kiwanja namba 31, mtunzaji ni Bibi Mirosława Pyrek, yaani Mirka kwa jina lake kamili. Chini yake, kwa herufi ndogo: Bwana W. Pyrek, msaidizi, chini ya uangalizi. Hagusi fito bila ya katibu kuwapo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Baridi ya kwanza imepiga. Rasiberi zimekwisha. Mirka na Leokadia walichuma hadi jana, mmoja huku, mmoja kule, mdomo haupumziki. Chupa sita mpya, zenye wadudu wake. Mimi nilishika ndoo. Nimeishika vizuri. Wiki tatu sijadanganya, sijaruka kitu, sijafikiri.

Lakini nikiwa nimeshika ndoo mtu anatazama. Na nimetazama udongo wa Leokadia. Mweusi, laini, umelishwa samadi miaka yote. Wetu ni mchanga na vipande vya matofali. Nikakumbuka yaliyosomwa kwenye daftari. Chochote chenye mzizi upande wetu, kikivuka chini ya waya, yeye anakitunza, anakimwagilia, na mavuno ni yetu. Imo kwenye kumbukumbu. Ina saini!

Sasa, kuna ule mzizi mkali wa Pasaka, unaokwaruzwa na kuliwa na soseji, unaotoa machozi. Nimesoma kwamba mmea ule hauhitaji matunzo kabisa. Unasambaa wenyewe chini kwa chini, na ukishaingia mahali hautoki tena hata kwa trekta. Hautoki tena! Walioandika wameweka kama onyo. Watu hawajui kusoma.

Fito sijagusa hata moja, ahadi ni ahadi. Nimepanda mizizi thelathini asubuhi hii, kando ya uzio, imeinamishiwa upande wa Leokadia ili isipotee njia.

Mirka aliuliza kutoka kwenye benchi ninapanda nini. Nimemwambia karoti.